Betri ya akiba kwenye ndege ya kujiundia: betri kavu au lithiamu, na utaichaji kwa njia gani?

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kushika betri ya akiba. Hiyo inaoza, tena kimyakimya, ikiwa imefungwa vizuri na nati zake zinang'aa, na siku utakayoihitaji ndiyo siku utakayojua.

Mimi ni fundi umeme wa magari, Mafinga. Kazi yangu ni alternata, selfu na waya zilizoliwa na panya. Kwenye ndege niliingizwa na mzee mmoja mwenye shamba huko Mufindi, aliyekaa miaka kadhaa bandani kwake akiunganisha ndege ndogo ya viti viwili, zile zinazokuja vipandevipande ndani ya kreti na mwenyewe ukaiunda. Mambo ya vibali anamalizana na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na mhandisi wake mwenye leseni. Mimi sisaini karatasi yoyote. Niliitwa kwa swali moja tu.

"Kamwene, fundi. Hii betri ya pili, niweke ipi?"

Baadaye nikaulizwa hilohilo na mtu wa upande wa Mbeya. Wote wawili walianza na uzito na bei. Kwa maoni yangu hapo ni kuanzia mwisho. Betri ya akiba haifanyi kazi kila siku kama ile kubwa inayopiga selfu. Inakaa tu, inasubiri. Kwa hiyo cha kulinganisha kwanza ni hiki: itachajiwa na nini, na utajuaje kwamba kweli imejaa? Aina ya betri inafuata nyuma ya majibu hayo.

Injini yako inakula umeme?

Kabla ya hayo yote, angalia injini. Rotax 912 ya kabureta, ambayo ndiyo utaikuta kwenye ndege nyingi za namna hii, plagi zake zinapata moto kutoka kwenye koili zilizomo ndani ya injini yenyewe. Ukizima swichi kuu ukiwa angani, injini inaendelea kuunguruma. Kinachokufa ni skrini, redio na transponda, kile kifaa kinachojibu rada. Mzigo wa vitu hivyo, ukizima taa na visivyo vya lazima, ni kama ampea 3 hadi 5.

Rotax 912 iS ni habari nyingine, na vivyo hivyo injini za gari zilizogeuzwa kuwa za ndege. Hapo kuna kompyuta, nozeli, na pampu ya mafuta ya umeme. Umeme ukikatika, injini nayo imekata. Ndiyo maana 912 iS imewekewa jenereta mbili ndani yake. Kwa injini ya aina hii hesabu ampea 8 mpaka 12 kabla hujawasha redio, na betri ya akiba inakuwa sehemu ya injini. Mwenye injini hii asije akasoma ushauri wangu wa betri ndogo huko chini akadhani unamhusu.

Halafu muda. Kanuni za Marekani kwa ndege ndogo za kiwandani zilizoea kudai betri ibebe vitu vya lazima kwa dakika 30 baada ya jenereta kufa. Ndege ya kujiundia haibanwi na hesabu hiyo, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia. Kisha iweke kwenye ramani yetu. Kutoka uwanja wa ndege wa Nduli, Iringa, hadi ule wa Songwe, Mbeya, ni kama kilomita 300 kwa mstari wa anga. Ukiwa juu ya Makambako uko karibu katikati kabisa. Kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa, Songwe ni dakika 55 hivi, Nduli nako karibu hizohizo, na Njombe chini ya dakika 20. Mchana kweupe, na injini ya kabureta, dakika 30 za redio zinakutosha kabisa. Ukungu ukishafunga milima ya Mufindi au Uporoto, na wewe unategemea skrini kujua mabawa yamelala vipi, utatamani saa nzima.

Betri iliyosoma 12.7

Ndege ya mzee ilikuwa tayari na betri ya akiba. Betri kavu, yaani ya risasi na asidi iliyozibwa, volti 12, ampea-saa 7 (7Ah), umbo lile la matofali madogo ya UPS na kengele za ulinzi. Nikaigusa na mita: 12.7.

"Si umeona? Imejaa," mzee akasema.

Nikatoa kwenye boksi balbu ya taa ya mbele ya gari, nikachagua upande wa wati 55, nikaibana kwenye vichwa vya betri na kuweka simu pembeni ihesabu. Wati 55 ni kama ampea 4 na nusu, yaani karibu mzigo uleule wa skrini yake na redio. Mwanzoni balbu iliwaka nyeupe. Mama wa nyumba alikuwa ndiyo kwanza anamimina chai. Kabla sijapokea kikombe mwanga ulikuwa umegeuka rangi ya chungwa, kisha ukawa wekundu wa kaa la jiko, na dakika ya sita mita ikasoma 10.4. Betri mpya ya ukubwa huo inatakiwa kubeba mzigo huo kwa dakika 50 hivi kabla ya kushuka hadi 10.5.

Mzee alikaa kimya akiitazama ile balbu. "Kwa hiyo nimekuwa nikiruka na tofali."

Betri yenyewe haikuwa feki, na haikuwa nzee kiasi hicho. Ilikuwa na miaka miwili. Iliuawa na namna ilivyokuwa ikichajiwa. Na ile 12.7 haikuwa uongo wa mita pia. Volti bila mzigo inakwambia hali ya asidi ndani; haikwambii ni kiasi gani cha sahani bado kiko hai. Tangu siku ile siulizi volti. Nauliza dakika.

Betri zenyewe, ana kwa ana

Nilinganishe ukubwa unaokaribiana: betri kavu ya 7Ah (aina yake kwenye jedwali ni AGM) na lithiamu ya 6Ah. Ninaposema lithiamu hapa namaanisha ya fosfeti ya chuma, LiFePO4.

| | Betri kavu (AGM) | Lithiamu (LiFePO4) |
|---|---|---|
| Uzito | kilo 2 na ushee | chini ya kilo 1 |
| Ikiwa imejaa na imepumzika | 12.8–12.9 V | 13.3–13.4 V |
| Volti ya kuijaza | 14.4–14.7 V | 14.2–14.6 V |
| Volti ya kuishikilia | 13.5–13.8 V | haihitaji |
| Kwa mzigo wa ampea 5 | dakika 50 hivi | zaidi ya saa 1 |
| Kuchaji chini ya nyuzi 0 | inapokea, polepole | marufuku |
| Kuiweka muda mrefu | ikiwa imejaa | ikiwa karibu nusu |

Usishangae kwamba 7Ah inashindwa na 6Ah. Hiyo 7 imepimwa kwa kunyonya taratibu kwa saa 20. Ukiinyonya kwa nguvu betri ya risasi inakupa sehemu tu ya ilichonacho, wakati lithiamu inakupa karibu chote.

Kwa uzito, lithiamu inashinda bila ubishi, na kadiri betri inavyokuwa kubwa ndivyo tofauti inavyoonekana. Odyssey PC680, betri kavu maarufu kwa wajenzi wa ndege, ina kilo 7 hivi. Lithiamu ya EarthX iliyotengenezwa kuchukua nafasi yake haifiki kilo 2. Lakini kwa betri ndogo ya akiba tunagombania kilo moja na nusu. Rubani mwenyewe akipunguza ugali wa usiku anazipata.

Betri kavu inakufa kwa kukaa na njaa. Ikibaki nusu kwa wiki kadhaa, sahani zinashika ukoko wa salfeti, na ukoko ukikomaa haurudi. Lithiamu haina ugonjwa huo. Kukaa nusu ndiyo raha yake, na inachoka zaidi ikiwekwa imejaa pomoni kwenye joto. Tatizo lake ni kwamba haisemi. Volti zake zinakaa palepale kuanzia karibu imejaa mpaka karibu imekwisha, halafu zinaanguka ghafla kama gari linaloacha barabara Kitonga. Tena ndani yake kuna saketi ya ulinzi inayoweza kuikata betri nzima kama volti zimezidi au zimepungua. Kwenye sola ya nyumbani hilo ni jambo jema. Angani, ni jambo la kulijua mapema: uliza kama saketi hiyo inajirudisha yenyewe, na kwa volti ngapi inakata.

Kuhusu moto. Watu wanaikumbuka Boeing 787, ndege zote zilizosimamishwa kuruka Januari 2013 baada ya betri za mbili kati yake kuungua. Zile zilikuwa lithiamu za kobalti. Fosfeti ya chuma ni tulivu zaidi, ingawa ikipasuliwa au ikichajiwa kupita kiasi nayo inatoa moshi ambao hutaki kuuvuta ndani ya chumba cha viti viwili. Nitakachokataa kwa ukali ni pakiti za kuungaunga, zile seli za laptopu kuukuu ambazo vijana wanazichomelea kwa lehemu na kuzifunga selotepu. Kwenye spika ya boda, sawa. Kwenye ndege, hapana.

Njia za kuichaji, na hapa ndipo penye shida

Ndege ya mzee ilitumia dayodi. Waya unatoka kwenye umeme mkuu, unapita dayodi moja, unaingia betri ya akiba. Ni rahisi, haina kinachosogea, na ina sifa moja nzuri sana: umeme unaingia tu, hautoki. Selfu ikinyonya betri kuu mpaka volti 9, akiba haiguswi na skrini haizimi.

Lakini dayodi inadai ushuru wake. Ya kawaida ya silikoni inakula volti 0.5 hadi 0.7. Alternata ikitoa 14.2, betri inaonja 13.5 hadi 13.7. Rudi kwenye jedwali: hiyo ni volti ya kuishikilia betri iliyokwisha kujaa. Kuijaza kwa volti hiyo inawezekana, ukiiacha siku nzima na zaidi. Mzee alikuwa akiruka dakika 30, 40, anatua, anafunika. Miaka miwili betri yake haikuwahi kushiba hata siku moja. Dayodi ya Schottky inakula kidogo, 0.3 au 0.4, na inasaidia, ila haimalizi tatizo.

Njia ya pili ni rilei inayosoma volti, ile tunayofunga kwenye magari ya safari ili betri ya friji ichajiwe. Alternata ikipandisha volti juu ya 13.3 hivi, rilei inaunganisha betri mbili. Zikishuka kama 12.8, inatenganisha. Akiba inapata volti zote bila ushuru. Kwa betri kavu mbili ni njia nzuri tu, mradi fyuzi iwe karibu kabisa na kichwa cha betri. Kwa lithiamu ina mtego ambao nimeuona kwenye gari, na bahati nzuri si kwenye ndege. Lithiamu iliyojaa inakaa 13.3 yenyewe, hata injini ikiwa imezimwa. Rilei inaona volti ziko juu, inadhani alternata bado inafanya kazi, haitenganishi. Alternata ikifa, betri mbili zinanyonywa pamoja, na akiba yako imeliwa na vitu vyote ulivyotaka kuviacha.

Njia ya tatu ni chaja ndogo inayokula umeme wa ndege na kutoa chaji yake yenyewe, iliyopangwa kwa aina ya betri yako. Alternata ikitoa 13.8 au 14.2, yenyewe inapandisha mpaka 14.4 na kuzuia ampea zisizidi moja au mbili. Kwa lithiamu ndiyo njia pekee ninayoipenda, na kwa betri kavu inafuta kabisa tatizo la dayodi. Ubaya wake ni bei, na kwamba inaweza kufa bila kukuambia. Iwekee taa kwenye dashibodi.

Kuna ya nne ambayo si njia hasa. Skrini nyingi za kisasa zina betri yao ndogo ya lithiamu, inayochajiwa na skrini yenyewe. Garmin G5, kwa mfano, betri yake inaahidi mpaka saa nne. Ni kitu kizuri, na ukiwa na injini ya kabureta pengine hiyo na redio ya mkononi vinakumalizia mjadala wote huu. Lakini betri hiyo inalisha skrini tu. Usihesabu kwamba itasukuma pampu ya mafuta.

Baridi yetu

Vitabu vingi vya chaja vinaandikwa kwa nyuzi joto 25. Nyuzi 25 saa moja asubuhi mwezi wa saba, Makete? Asubuhi za Juni na Julai huko na Njombe umande unaganda ukawa mweupe juu ya majani, na ndani ya banda la mabati hakuna tofauti kubwa na nje.

Betri ya risasi, kila nyuzi 10 chini ya 25, inataka kama volti 0.2 zaidi ili ijae. Banda likiwa na nyuzi 5, ile 14.4 ya kwenye jedwali inakuwa 14.8. Chaja yenye kihisi cha joto inajirekebisha. Isiyo nacho inaiacha na njaa, na umesharudi kwenye ugonjwa wa dayodi. Lithiamu nayo ikichajiwa chini ya nyuzi 0 inaharibika moja kwa moja, metali inajipaka ndani ya seli. Zilizo bora zina ulinzi wa kukataa chaji mpaka zipate joto. Kwa Iringa mjini au Mbeya mjini jambo hili halikusumbui sana. Kwa anayelaza ndege karibu na Kitulo, ni sababu tosha ya kuchagua betri kavu, au ya kuingiza lithiamu ndani ya nyumba usiku.

Upande wa kuhifadhi, baridi ni rafiki. Betri kavu inayolala Njombe inapoteza chaji polepole na kuzeeka polepole kuliko ndugu yake aliyeko Kyela, ambako joto linapika kila kitu.

Ikiwa ardhini

Ndege zetu hizi zinalala kuliko kuruka. Masika huku ni miezi, Novemba au Desemba mpaka Aprili, na mzee anaweza kumaliza wiki sita hajagusa propela. Kwa hiyo nusu ya kuchaji ni ya bandani.

Kwake tuliweka paneli ya sola ya wati 20 juu ya bati, na kontrola ndogo yenye sehemu ya kuchagua aina ya betri. Inatoa ampea moja hivi, kiwango ambacho betri ya 7Ah inakipokea bila kuungua. Siku za mawingu inatoa kidogo, lakini inatoa. Chaja ya umeme wa TANESCO ni nzuri zaidi ikiwa ina kihisi cha joto na umeme wenyewe upo. Ukiwa na lithiamu, kagua kwamba chaja haina ule mtindo wa "kufufua betri" kwa mapigo ya volti za juu. Hayo yametengenezwa kwa salfeti, na lithiamu haina salfeti. Na ikiwa saketi yake ya ulinzi imeshakata, chaja nyingi za kawaida zinaona sifuri na kugoma kuanza. Itabidi chaja inayojua kuiamsha.

Kingine kinachoua akiba bandani ni swichi yake kusahauliwa imewashwa. Mzee ameifunga kitambaa chekundu.

Ningechukua ipi

Injini ya kabureta, safari za mchana, ndege inayolala wiki nzima: betri kavu ya 7Ah kutoka kampuni inayoeleweka, chaja ndogo badala ya dayodi, sola bandani. Nafuu, na ukiipa balbu kila mwaka unaiona ikianza kufa.

Injini ya nozeli: hapo sichezi na 7Ah, kwa ampea 10 itakupa chini ya nusu saa. Nina njia mbili. Kama uzito unakubana na unaruka mara kwa mara, lithiamu ya ndege, yenye ulinzi unaoeleweka, na chaja yake. Kama haukubani, betri kavu mbili zinazofanana za ukubwa wa PC680, na kila mwaka nunua moja: mpya iingie kwenye kupiga selfu, ile ya mwaka jana iende kuwa akiba, ya zamani itoke ikawashe taa za banda la kuku. Wajenzi wengi wa ndege nje wanafanya hivyo, na mimi naipenda kwa sababu haikudai kuwa na kumbukumbu nzuri. Yule bwana wa Mbeya alichagua lithiamu, na kwa jinsi anavyoruka sikumpinga.

Yoyote uliyochukua, ipe balbu mara moja kwa mwaka. Ijaze, ipumzike usiku kucha, bana balbu, hesabu dakika mpaka 10.5 kwa betri kavu. Kwa lithiamu simama mapema, kwenye 12.0 hivi, usiifikishe saketi ya ulinzi kukata. Ikitoa chini ya asilimia 80 ya ilizotoa ikiwa mpya, inatoka. Halafu ijaze tena siku hiyohiyo.

Kwenye betri mpya ya mzee kuna kipande cha selotepu ya karatasi, na mwandiko wake wa kalamu ya risasi. Mstari wa kwanza ni tarehe tuliyoifunga na namba 52. Chini yake 50. Mwaka huu 43, na chini ya 43 kapiga mistari miwili.

"Bado moja hivi," aliniambia. "Ukienda Mbeya, nitazamie bei Mwanjelwa."